Kompyuta ya Gari Inabeba Lawama Zisizo Zake

Kaa nusu saa kwenye gereji yoyote, iwe Mombasa au Dar es Salaam, utasikia wimbo uleule: magari ya kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, yalitengenezeka njiani kwa bisibisi na kipande cha waya, haya ya kompyuta yakigoma yamegoma. Mwenye gari anatikisa kichwa kukubali, maana ameshauziwa sensa mbili (vipimaji vinavyoipa kompyuta taarifa) na taa ya injini bado inawaka kwenye dashibodi. Ana haki ya kukasirika. Ila kabureta anayoililia, nadhani ameisahau.

Fikiria safari ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha Timboroa. Ili petroli iungue yote, gramu 1 inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, imepungua kwa karibu robo. Kabureta haina habari na hayo. Iliyosetiwa Mombasa inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha Mombasa, kwa hiyo kadiri unavyopanda moshi unakuwa mweusi, plagi zinashika masizi, nguvu inapungua na tangi linakauka mapema. Uisetie Nairobi, ukiteremka pwani injini inakosa petroli ya kutosha. Wazee wetu walizoea hali hiyo wakaiona ni tabia ya gari.

Kompyuta inapima hewa inayoingia, inaangalia oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kisha inarefusha au kufupisha muda wa nozeli za petroli kufunguka, na inafanya hivyo mfululizo safari nzima bila dereva kujua. Wala haikuwekwa kwa ajili ya anasa. Masega ya ekzosi (kichujio kinachopunguza sumu ya moshi) husafisha moshi vizuri pale tu kipimo kinapobaki karibu na hiyo 14.7, na baada ya Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya 1970 watengenezaji walikuta kabureta haiwezi kukishika. (Fundi anayeyang'oa masega ili “gari lipumue” ameondoa nusu ya sababu ya mfumo mzima kuwapo.)

Sasa hizo sensa mbili. Tangu modeli za 1996, magari yanayouzwa Marekani yanalazimika kuwa na soketi ya OBD-II, ya kuchomekea mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na namba za hitilafu zinazofanana, na magari mengi ya sasa yanazitumia. Mashine ikitoa P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa kwa petroli iliyopo. Basi. Haikusema sensa ya oksijeni imekufa. Pengine hiyo sensa ndiyo pekee iliyosema kweli. Huenda bomba la hewa limepasuka, pampu ya petroli imechoka, au kipima hewa kimejaa vumbi. Kuyatafuta hayo kunachukua saa nzima, kuuza sensa kunachukua dakika kumi. Shahidi anafungwa, mwizi yuko nje.

Kwenye giaboksi mambo yanafanana. CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, inategemea mkanda wa chuma unaobanwa na puli kwa shinikizo la oili, na kompyuta inapanga shinikizo hilo ikiamini kwamba oili iliyomo ni ya CVT. Mtu anajaza ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ni nafuu, mkanda unateleza, kompyuta inatukanwa. Hata hivyo zipo CVT zilizotoka kiwandani zikiwa dhaifu: mwaka 2009 Nissan iliongeza dhamana ya CVT zake Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000.

Wapinzani wana hoja nyingine nzito zaidi: programu haionekani, na inaweza kufundishwa uongo. Volkswagen ilibainika mwaka 2015 kuweka kwenye magari ya dizeli yapatayo milioni 11 programu iliyotambua gari linapopimwa moshi na kujisafisha kwa muda huo tu. Kabureta isingeweza kudanganya hivyo. Lakini uongo ule uliandikwa na watu, kisha ukafungiwa mahali ambapo fundi wa kawaida haruhusiwi kuchungulia.

Kufuli hilo ndilo ningelilalamikia. Kifaa cha bei ndogo kinasoma namba za injini, ila ukitaka kuingia kwenye giaboksi, breki au funguo, mara nyingi unahitaji mashine ya gharama kubwa. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipiga kura mwaka 2012, na zaidi ya asilimia 80 wakataka watengenezaji wawafungulie mafundi huru taarifa hizo. Kwetu mjadala wa magari yaliyotumika kutoka Japani huishia kwenye ushuru na umri, ule ukomo wa miaka 8 wa Kenya ukiwa mfano, na gari linashuka bandarini na kitabu cha Kijapani ambacho fundi wa Kariakoo hawezi kukisoma.