Miguu Inauma, Simu Hazipokelewi

Jamani, nani aliyewaambia watafiti wa magonjwa kwamba pesa zao zimefichwa kwenye miguu yetu, mpaka tukimbie mbio za hisani kuwachangishia? Maabara inataka darubini, vitendanishi (kemikali za kupimia), friji ya sampuli na mshahara wa anayezikodolea macho sampuli hizo. Mwenye jukumu la kuvileta vyote ni mtu ambaye akipanda ngazi ghorofa moja anatafuta pa kuketi. Lawama namtupia Terry Fox wa Kanada. Mwaka 1980, akiwa na mguu mmoja wa bandia, alikimbia kilomita 5,373 kwa siku 143 kuchangia utafiti wa saratani, karibu marathoni nzima kila siku, mpaka saratani ilipomrudia mapafuni ndipo akasimama. Baada ya huyo, wewe mwenye miguu miwili utajitetea kwa lipi?

Basi umejisajili kwenye mbio hizo za hisani, na siku hiyohiyo unatoka nduki kama umeona nyoka. Taratibu! Anayeanza kutoka kwenye kochi huhitaji wiki nane au tisa kufikia kilomita 5, siku tatu kwa wiki, na mwanzoni sehemu kubwa ni kutembea: dakika moja mbio, dakika moja na nusu mwendo wa kawaida, rudia mara nane. Ndiyo, umetangaza kwa ukoo mzima kwamba unakimbia, halafu jirani anakukuta unatembea na bukta mpya. Vumilia aibu hiyo. Moyo na mapafu huzoea upesi kuliko kano na mifupa. Pumzi inasema twende, ugoko unakuja kudai wiki ya tatu. Maumivu yaliyotapakaa upande wa ndani wa ugoko, punguza kilomita upumzike. Yakiwa sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, na usiku hayalali, huenda mfupa umepata ufa. Mwone daktari, si mkimbiaji mwenzako.

Kasi sahihi ya mazoezi mengi ni ile inayokuruhusu kumwomba mtu mchango kwa sentensi nzima bila kuhema. Ukikwama kwenye "naomba unicha...", punguza.

Viatu viache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Vijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Vikibana, kucha inagonga mbele kila hatua, damu inavilia chini yake, inakuwa nyeusi, kisha kwaheri. Halafu kuna ile fulana ya pamba ya bure yenye nembo ya hisani. Hiyo ni adui aliyevaa tabasamu! Pamba hunywa jasho, hailiachi, inalowa na kusugua chuchu mpaka zitoke damu, na mpiga picha anakusubiri palepale mwishoni. Paka mafuta ya mgando kwenye chuchu, kwapani na katikati ya mapaja kabla ya kutoka, si baada ya kuanza kuwaka.

Maji nayo yana wajuaji wake, kila kituo "kunywa, kunywa!" Kunywa ukiwa na kiu. Sisi wa polepole, tunaokaa barabarani kwa muda wa saa tano kwenye marathoni, ndio tunaoweza kunywa kupita kiasi mpaka chumvi ya damu inashuka: kichwa kinauma, vidole vinavimba, mtu anatapika na kuchanganyikiwa. Wenye huruma wanadhani amekaukiwa, wanamwongezea maji. Wanammalizia.

Lakini miguu angalau ina adabu. Wachangiaji sasa! Ukituma ujumbe kwenye kundi la watu mia, kila mmoja anajua wale tisini na tisa watatoa. Utapokea vikatuni vya makofi na misuli. Makofi hayanunui vitendanishi. Omba mmoja mmoja, kwa simu, taja kiasi. Na usiufungue ukurasa wa michango ukiwa na sifuri: anza na yule mkarimu wako, kwa kuwa wa pili atachungulia wa kwanza katoa ngapi, naye aige.

Mwogope anayesema "nitatoa kwa kila kilomita". Huyo kapiga hesabu kwamba utazimia ya tatu. Ukimaliza zote anageuka mkaguzi, anataka ushahidi, na deni unalifukuzia kwa kasi kuliko ulivyokimbia. Bora kiasi kimoja, kabla ya mbio. Ukipewa nafasi kupitia shirika la hisani, soma masharti mpaka nukta ya mwisho: mara nyingi kuna kiwango cha chini cha kuchangisha, wengine ukipungukiwa unafidia mfukoni, na ada ya kushiriki huenda isihesabiwe kama mchango. Ukurasa uache wazi wiki kadhaa baada ya mbio, maana wapo wanaoguswa na picha ya kucha nyeusi tu.

Hakosekani pia wa kuuliza hizo pesa zinafanya nini. Jiandae: ugonjwa gani, utafiti umefika hatua gani. Awamu ya kwanza ya majaribio ya dawa huwa na watu wachache, kwa kawaida 20 hadi 100, kuangalia usalama. Ya tatu huhitaji mamia au maelfu. Na safari nzima aghalabu hupita miaka 10. Atatikisa kichwa kwa makini, ataahidi kutuma kesho, na mwakani atakuuliza kama dawa imeshatoka, kabla hajatuma ile ya mwaka huu.