Pesa Ziko Hazina, Mjomba

Jamani, mwenye nyumba wangu hapa London kapandisha kodi tena! Na barua yenyewe kaianza "Mpendwa mpangaji", utadhani ananialika harusi. Kodi ya flati gani? Hii hii ya ukungu bafuni, ya lifti inayopanda ikitaka.

Na ilikuwa nyumba ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa! Waziri Mkuu Thatcher kapitisha sheria mwaka 1980 wapangaji wauziwe, mpangaji wa humu kainunua kwa punguzo, kauza, kahamia Essex. Leo iko kwa bwana asiyejua hata mlango wake una rangi gani. Jirani yangu wa kushoto kawekwa na kaunsili kwa kukosa makazi. Kaunsili inalipa kodi kwa nyumba iliyoijenga yenyewe. Mimi nimo kwenye orodha ya kupewa nyumba, nangoja.

Nikavaa koti la Idi, nikaenda ofisi ya kaunsili kuuliza kwa adabu. Dirishani nikamkuta binti, mama yake wa Mombasa. Nikasema leo nimefika.

"Mwanangu, mliuza. Pesa mmejengea wapi?"

"Mjomba, mwaka 2012 serikali ilipoongeza punguzo iliahidi kila nyumba ya ziada ikiuzwa, ijengwe nyingine."

"Ya ziada juu ya zipi?"

"Juu ya zile ambazo zingeuzwa hata hivyo."

"Na hizo zinajulikanaje?"

"Hazina wana makadirio."

Nikavuta pumzi. Heshima bado ninayo.

"Haya, pesa."

"Kwanza toa punguzo. Hapa London lilipita pauni laki moja. Toa deni la nyumba, toa fungu la Hazina. Kilichobaki ndicho kilikuwa cha kujengea."

"Si mjenge!"

"Pesa hizo ziliruhusiwa kulipia asilimia 30 tu ya gharama ya nyumba mpya, Mjomba. Zilizobaki tukope, tutafute."

"Na mkikosa?"

"Ilikuwa miaka 3 ikipita hatujazitumia, tunazirudisha Hazina. Na riba."

"Astaghfirullah! Riba ya pesa zenu?"

"Asilimia 4 juu ya ile ya Benki Kuu."

Hapo koti la Idi nikalivua. "Yaani niuze mbuzi kwa bei ya kutupa, pesa ile niambiwe mwisho wake paja, kiwiliwili nikakope, nikishindwa, nirudishe paja na mchuzi juu?"

"Ndiyo hivyo. Umeelewa kuliko madiwani."

Watu wa foleni wakacheka. Mimi sikuwa nachekesha!

Akanibembeleza: mwaka 2021 ikawa asilimia 40 na miaka 5, mwaka 2024 kaunsili ikaachiwa pesa zote, na punguzo likashushwa, London sehemu nyingi hadi pauni 16,000. Vizuri. Miaka arobaini na ushee wanachota, mtungi ukikauka ndipo wanautafutia kifuniko. Scotland waliacha kuuza hivi 2016, Wales 2019. Nikauliza kama naweza kuhamishiwa orodha ya Wales. Akaniangalia kwa huruma, akaita namba inayofuata.

Basi la kurudi likanishusha njiani, dereva zamu imemwisha. Unga nao umepanda, tuyaache hayo. Nafika mlangoni simu inalia, dada yangu wa Tanga. Huko wanaamini London nina ghorofa, na mimi sijakanusha kwa nguvu. Ati mpwa wangu kapata chuo, nimtengee chumba. Nikamwambia dada, hapa kuna kochi. Akasema kochi si neno, mradi na mkewe atoshe.