Msichome matete, ndege wamelala humo

Juzi jioni nateremka bondeni upande wa Ruvu, naona kwa mbali wingu jeusi linazunguka juu ya matete, nikafurahi, nikajua mbayuwayu leo wamewahi. Kufika, ni moshi. Matete karibu yote yamechomwa, adhana ya magharibi inaisha na ndege bado wanahangaika hewani hawana pa kutua.

Nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa na panga pale, shikamoo mzee, mbona mmechoma? Akanijibu kwa upole, marahaba mwanangu, humu pamejaa nyoka, tunasafisha. Haya, nyoka wapo, hilo sibishi, mtoto wa jirani yetu alishaumwa. Lakini si mngefyeka pembeni tu njia ionekane?

Watu wanadhani hawa ndege wanalala kwenye nyaya za umeme kwa vile ndiko wanakowaona. Pale wanapumzika. Usiku wanalala kwenye matete yaliyosimama majini, adui wa nchi kavu hawafikii kirahisi. Hata kwao Ulaya wanakotoka ni hivyohivyo, Agosti na Septemba kiangazi chao kikiisha wanajikusanya kwa maelfu, jioni wanazunguka weee halafu wanashuka kwenye matete kwa mkupuo kama mchele unaomwagwa kutoka kwenye ungo, mchana wanakula wanajaza mafuta mwilini, ndio wanaivuka Sahara. Ndege wa gramu 20 hivi! Kuna mmoja alivishwa pete mguuni Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911, akaja kuonekana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Kabla ya hapo kuna wasomi wakubwa huko waliamini mbayuwayu wakipotea wamejizika kwenye tope la mabwawa.

Na kinachoniuma zaidi ni manyoya. Huku kwetu ndiko wanakobadilisha manyoya ya mabawa, moja moja, kwa miezi. Ukimtimua usiku saa hizi umemtimua bawa halijakamilika, na bawa hilohilo ndilo la kumrudisha Ulaya Machi, Aprili. Ni wageni wa msimu hawa, kama yale majahazi ya kaskazi, na mgeni huwezi kumchomea kitanda.

Watoto wa manati nao waambiwe. Wenye mpunga wanajua jinsi ndege hawa wanavyokula wadudu.

Jana nimerudi. Upande wa maji mengi kimesalia kipande cha matete upana wa kiwanja cha nyumba, wameshuka humo wamebanana, bua moja ndege watatu, wanne. Mzee wangu, hicho kipande nakuomba mkiache mpaka Aprili waondoke.