Chakula cha Bure cha Las Vegas Unakilipia Mezani

Kabla hujavuta kiti kwenye meza ya blakijeki Las Vegas, inama kwanza usome kitambaa. Maandishi yapo pale pale katikati, makubwa, wala hakuna anayekuficha: blakijeki inalipa 3 kwa 2, yaani dola 3 kwa kila dola 2 ulizoweka, au inalipa 6 kwa 5, dola 6 kwa kila 5. Wengi wetu tunaokwenda kule kwa mapumziko tunauliza dau la chini ni shilingi ngapi, basi, tunakaa. Mimi nasema hivi: chakula chako cha jioni kinaamuliwa na maandishi hayo, hata kabla karata haijagawiwa.

Kwa aliyekulia kwenye arubastini, mchezo wenyewe ni mwepesi. Unamkabili mgawa karata peke yake, lengo ni kufika 21 au kuikaribia kumzidi yeye, na ukipita umeungua. Ree inahesabiwa 1 au 11, karata zote za picha ni 10. Ukipewa ree na karata ya kumi mara moja katika zile mbili za kwanza, hiyo ndiyo blakijeki yenyewe, nayo humwangukia mchezaji takriban mara moja katika kila mikono 21 anayogawiwa. Ndiyo raha ya mchezo. Na ndipo kasino nyingi za Strip, ile barabara kuu ya kasino, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilipopitisha wembe.

Shemeji yangu alikuwa wa kwanza kuona nafasi. "Shem, dola 15 tu, tukae hapa hapa, miguu imechoka." Mgawa karata alikuwa mama wa makamo, kifuani ana kibandiko cha jina na chini yake mji alikotoka, kama walivyo wafanyakazi wengi wa kasino kule. Chake kiliandikwa Addis Ababa. Shemeji akatoa noti, akataka kumpa mkononi. Mama akarudisha mikono nyuma na kumwonyesha kitambaa. Hela hupokelewi mkononi, unaiweka mezani ili kamera za juu ziione. Haikupita muda shemeji akafunguliwa ree ya shupaza na mfalme wa kopa. Alivyoruka! Mama akamwekea tokeni tatu nyekundu za dola 5 na tatu nyeupe za dola moja. Dola 18. Kwenye meza ya 3 kwa 2 angepokea dola 22 na senti 50. Shemeji hakuona kitu, alikuwa bado anapiga meza kwa furaha, na ningemwambia nini mtu aliyeshinda?

Dola nne na nusu zinaonekana ni upuuzi mpaka uzipigie hesabu. Anayecheza sawasawa kwenye meza ya 3 kwa 2 yenye masharti mazuri anaiachia kasino karibu nusu asilimia ya kila anachoweka. Kwenye 6 kwa 5, fungu hilo linapanda na kukaribia asilimia 2. Chukua dau la dola 15, mikono 70 kwa saa, kwa muda wa saa nne. Utakuwa umeweka mezani dola 4,200 kwa jumla, ingawa mfukoni ulikuwa na 300 tu, kwa sababu hela zile zile zinazunguka. Nusu asilimia yake ni dola 21. Asilimia 2 ni dola 84. Tofauti ni dola 63, na hicho ni chakula cha mtu mmoja kwenye mgahawa wa maana, na bakshishi unabakiza. Bila shaka siku moja ni siku moja. Unaweza kuondoka na mamia au ukakauka ndani ya nusu saa. Lakini kasino haiangalii siku yako moja.

Halafu wanakuja na kadi ya mchezaji. Unampa msimamizi wa meza kadi yako, anaandika dau lako la wastani na muda uliokaa, na mwisho wa siku unaambiwa una chakula cha bure. Watu huchekelea. Kompyuta imekwisha kukadiria utapoteza kiasi gani kwa saa, kwa dau lako na mchezo wako, na kinachokurudia ni sehemu tu ya makadirio hayo. Ndiyo maana simwelewi mtu anayekaa saa mbili zaidi kwenye meza mbovu ili "afikishe" sahani ya wali na kamba. Si angelipa tu akaenda zake kulala?

Namna ya kucheza sawasawa, kwa anayeuliza, si siri. Mwaka 1956 Wamarekani wanne waliokutana jeshini huko Aberdeen, Maryland, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha jedwali la lini uongeze karata na lini utulie, wakiwa wameyakokotoa yote kwa mashine za mezani za kujumlishia. Leo duka la zawadi la kasino yenyewe linakuuzia jedwali la namna hiyo kwenye kikadi kidogo, na unaruhusiwa kukiweka mbele yako unacheza unakitazama. Ree mbili zipasue ziwe mikono miwili, nane mbili zipasue, kumi mbili usiziguse. Bima ya kujikinga na blakijeki ya mgawa karata ukitangaziwa, ikatae. Ni dau jingine tu lililovishwa jina zuri, na bei yake ni mbaya kuliko mchezo wenyewe.

Sasa chakula. Wazee wa Vegas wakikuambia zamani ulikuwa unashiba kwa sarafu, hawakudanganyi. El Rancho Vegas, hoteli ya kwanza ya kasino kwenye barabara iliyokuja kuwa Strip, ilifunguliwa 1941, na katika muongo huo huo ikaanzisha bufee ya usiku ya dola moja, kula utakavyo. Golden Gate, mjini kwenye mtaa wa Fremont, ilianza kuuza glasi ya kamba kwa senti 50 mwaka 1959 na ikaendelea na desturi hiyo, kwa bei zilizopanda polepole, mpaka 2017. Chakula kilikuwa chambo na karata zilikuwa ndoana. Mambo yaligeuka mpishi maarufu Wolfgang Puck alipofungua mgahawa wake wa Spago pale kasino ya Caesars mwaka 1992 na watu wakakubali kulipia chakula kwa bei ya chakula. Kabla muongo haujaisha, mapato ya Strip kutoka vyumbani, jikoni na kwenye maonyesho yalikuwa yanayapita ya kamari. Uviko-19 ilipozifunga bufee mwaka 2020, nyingi hazikufunguliwa tena. Zile kubwa zilizobaki, kama Bacchanal, chakula cha jioni kinavuka dola 70 kwa kichwa.

Sina kinyongo na mpishi kulipwa haki yake. Kinyongo changu ni kwamba meza ilipoacha kukulisha ilipaswa angalau ibaki na malipo yake ya zamani. Wao wamepandisha chakula na wamepunguza malipo ya karata, kisha juu yake chumba kina ada ya huduma ambayo nayo inakaribia dola 50 kwa usiku kwenye hoteli nyingi.

Kwa hiyo ushauri wangu unakwenda kinyume na matangazo. Ukitaka kucheza, shuka mjini. El Cortez, iliyofunguliwa 1941 na bado inakwenda, inajulikana kwa meza zinazotumia pakiti moja tu ya karata na kulipa 3 kwa 2. Cheza saa moja na nusu, simama. Ukitaka kula, toka Strip kabisa. Lotus of Siam, mgahawa wa Kithai wa mpishi Saipin Chutima, aliyepata tuzo ya James Beard, ile kubwa ya wapishi wa Marekani, mwaka 2011, ilianzia kwenye kituo cha maduka kilichochakaa ambacho usingekidhania. Barabara ya Spring Mountain nayo imejaa mikahawa ya Kichina, Kikorea na Kijapani, mingine haifungi mpaka alfajiri.

Sisi tulimsikiliza mama wa Addis. Shemeji alipomuuliza, "Mama, wewe ukitoka kazini unakula wapi?" alicheka, akatutajia mtaa. Wahabeshi ni wengi Las Vegas, kwenye teksi na kwenye kasino, na magharibi mwa Strip wana eneo lao, Little Ethiopia, ambalo serikali ya kaunti imelitambua rasmi. Sinia lilikuja limetandikwa injera, juu yake doro wat, kuku wa mchuzi wa pilipili, na yai lake zima limezama kwenye mchuzi mwekundu, dengu za aina mbili, sukumawiki, na tibs, vipande vya nyama ya kukaanga, ambazo bado zinachemka kwenye chungu. Tuliosha mikono tukala, na bili ya wawili ilikuwa chini ya bufee ya mtu mmoja. Kahawa wanakaanga buni hapo hapo.

Najua wapo watakaosema kamari ni haramu na hapo mazungumzo yameisha. Sina ubishi nao, na kwa kweli Las Vegas ya leo inawafaa wao kuliko sisi: wanakula vizuri, wanatazama chemchemi za hoteli ya Bellagio bila kiingilio, wanarudi na hela zao. Ninaobishana nao ni wale wanaoniona mpotevu kwa dau la dola 15 ilhali kila Jumamosi wanatandika mkeka wa mechi kumi na mbili. Kampuni ya kubeti imejiwekea fungu lake ndani ya kila mechi, na mechi zikiungwa fungu hilo linazidishana. Waliouchana mkeka wao kwa goli la dakika ya tisini wanieleze vizuri nani kati yetu anacheza kamari mbaya.

Shemeji anataka turudi mwakani. Nimekubali, kwa sharti kwamba nichague meza mimi na yeye achague sinia.