Seli 25 au 26: mcharuko wa jicho upimwe na daktari au mashine?

Daktari anayemchunguza mgonjwa wa uveitisi, yaani mcharuko ndani ya jicho, huzima taa za chumba, huelekeza mwali mwembamba wa mwanga kwenye jicho, kisha huhesabu seli zinazoelea katika maji ya mbele, ndani ya eneo la milimita 1 kwa 1. Akikuta seli 6 hadi 15 huandika 1+. 16 hadi 25, 2+. 26 hadi 50, 3+. Zikizidi hapo, 4+. Mpangilio huu wa SUN, kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa uveitisi, uliochapishwa mwaka 2005, uliwapa madaktari na watafiti kipimo cha pamoja, na faida yake ni kubwa.

Lakini tazama hesabu yenyewe. Mgonjwa aliyetoka seli 50 hadi 26 amepungukiwa na karibu nusu ya seli, na bado faili lake linasema 3+. Mwenzake aliyetoka 26 hadi 25 ameshuka hadi 2+ kwa tofauti ya seli moja, ambayo hata daktari yuleyule akirudia kuhesabu anaweza kuikosa. SUN inataka alama ishuke ngazi mbili au ifike sifuri ndipo isemwe kuna nafuu. Kwa kigezo hicho, dawa inayofanya kazi inaweza kuonekana haifai.

Kwa ukungu wa protini zinazovuja kwenye maji hayo ya jicho hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hapo hakuna cha kuhesabu: daktari anaamua tu kama ni hafifu, wa wastani au mzito. Mashine iitwayo fotomita ya leza hupima mwanga unaotawanywa na protini hizo na kutoa namba, fotoni kwa milisekunde. Inanasa mabadiliko madogo ambayo macho ya daktari hayayaoni.

Hata hivyo, namba hiyo haihesabu seli. Mishipa iliyoharibiwa na ugonjwa wa muda mrefu huweza kuendelea kuvujisha protini hata seli zikishatoweka. Anayeongeza steroidi, dawa za kutuliza mcharuko, ili tu namba ishuke anaweza kumletea mgonjwa mtoto wa jicho au presha ya jicho bila sababu. Skani ya OCT, inayopiga picha za ndani ya jicho kwa mwanga, nayo huhesabu vidoa vinavyong'aa, ila hutatizika kutofautisha seli nyeupe za damu na nyekundu au chembe za rangi. Daktari huona pia usaha uliotuama chini, au mboni iliyogandamana na lenzi.

Kwa hiyo mimi naiamini mashine zaidi katika majaribio ya dawa na katika kumfuatilia mgonjwa yuleyule, hasa mtoto mwenye yabisi ya viungo, ambaye jicho lake huweza kucharuka bila wekundu wala maumivu. Uamuzi wa tiba ubaki kwa daktari. Na pasipo na mashine, daktari aandike idadi ya seli alizohesabu pamoja na alama. Anayempokea mgonjwa baadaye atajua kama ile 3+ ilikuwa 27 au 49.