Waziri wa Vinywaji

Uteuzi wangu haukupigiwa kura. Ofisini tuna kikundi cha mchakamchaka cha Jumapili, na siku kilipoamua kuachana na lami kwenda kupanda kilele cha Bondwa, kule Uluguru, mimi ndiye niliyefungua mdomo nikauliza, "Na suala la elektrolaiti je, zile chumvi zinazotoka na jasho?"

Kimya. Kocha akanitazama kama nimetukana. Mhasibu akachukua daftari, akaandika huku anasoma kwa sauti: "Vinywaji na vitafunio: yeye."

Nikawa waziri.

Niseme ukweli, niliichukulia kazi ile kwa uzito. Wiki nzima nililala saa saba usiku kwa kusoma. Nikajua mtu anayepanda mlima anataka gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Nikajua kwamba ukitoka jasho jingi huku unabugia maji matupu kupita kiasi, sodiamu kwenye damu inashuka na unaweza kuzidiwa vibaya. Nikajua kwamba kwenye utumbo sukari na chumvi huingia mwilini zikiwa zimeshikana mikono, na maji hufuata nyuma yao kama wapambe wa bibi harusi, na kwamba siri yote ya ORS, ile dawa ya kuharisha ya kuchanganya na maji, ni hiyo. Kufika Alhamisi nilikuwa sishikiki. Mlinzi wa getini alinisalimia "Habari za asubuhi, bosi," nikamjibu kwa kumweleza habari za potasiamu.

Mke wangu akasema, "Niwachemshie viazi vitamu na mayai, niwafungie na karanga."

Nikamwambia hatuendi kulima.

Akanyamaza. Nina miaka kumi na mbili ya ndoa na bado sijajifunza kukiogopa kile kimya.

Nikaenda supamaketi, nikasimama mbele ya kabati la baa za nguvu zilizotoka ng'ambo. Bei ya baa moja ungepata chane mbili za ndizi na chenji ya daladala. Kulikuwa pia na jeli za vipakiti, zile za kukamua mdomoni huku unakimbia. Kipakiti kimoja kina gramu 20 na kitu za wanga, yaani sawa na ndizi moja iliyoiva. Hilo nalijua sasa. Siku ile niliona tu picha ya Mzungu amesimama juu ya jiwe, mikono kiunoni, nikasema huyu hajala viazi. Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu nilivikataa, maana moyo ukishaenda mbio kwa kafeini na mlima nao unauendesha, nani atauzuia? Hapo kwa kweli nilikuwa sahihi, na naomba ikumbukwe.

Vinywaji nikaamua nitengeneze mwenyewe. Mapishi anayajua kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Mimi nikaongeza ndimu, kwa sababu waziri lazima aache alama.

Ijumaa usiku nikajifungia jikoni. Mama mkwe alikuwa ameingia jioni hiyo kutoka Tanga, amelala chumba cha watoto, kwa hiyo nilikuwa nanyata. Juu ya meza chupa sita za lita moja moja, maji yamepoa, kijiko kimoja, na makopo mawili ya plastiki yanayofanana kama mapacha. Mke wangu ameandika kwa kalamu nene kwenye vifuniko: SUKARI, CHUMVI. Nasisitiza, kwenye vifuniko.

Chupa ya kwanza niliichanganya kwa makini ya mfamasia. Nikaonja. Tamu kwa mbali, chumvi kwa mbali zaidi, ndimu inachungulia. Nikajipongeza kwa kichwa.

Umeme ukakatika.

Kwetu sisimizi hawasubiri umeme. Nikapapasa mezani, nikafunika makopo haraka haraka, nikaenda kutafuta simu. Niliporudi nayo nikaibana taa yake kwa meno, nikafungua kopo lenye kifuniko cha SUKARI, nikaendelea. Sita. Sita. Sita. Kopo la CHUMVI, nusu. Nusu. Nusu. Ingekuwa ile sukari ya kahawia ya Kilombero ningeona tofauti hata kwa mwanga wa kibiriti. Lakini wiki ile dukani ilikuwepo nyeupe ya kutoka nje, laini kama unga. Sikuonja tena. Mtu akishaonja chungu kimoja na kukiona kimeiva, aonje vyote ili iweje?

Treni ya SGR iliondoka alfajiri. Tulikuwa watano: Kocha, Mhasibu, dereva wa ofisi, dada wa mapokezi na mimi, na chupa ya sita nilikuwa nimemwekea mwongozaji. Begi langu lilikuwa na kilo sita za vinywaji tu. Ndani ya treni nikatoa hotuba, nikapiga marufuku maji ya dukani. "Mkinywa maji matupu mnajiosha chumvi," nikasema. Dereva alikuwa na chupa yake ya maji. Nilimtazama mpaka akaiacha chini ya kiti.

Kabla ya saa mbili tukawa Morogoro, mji kasoro bahari kama wenyewe wanavyojiita, na Uluguru yote ile imesimama juu ya mapaa ya nyumba. Mji uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Bondwa, penye ile minara ya mawasiliano unayoiona hata ukiwa stendi, iko kwenye mita 2,100 na ushei. Mwongozaji, kijana mwembamba aliyevaa kandambili, alikuja na kipande cha muwa na chupa ndogo ya maji. Nikampa chupa yake. Akaipima kwa mkono, akasema, "Asante braza, uzito huu utanichosha." Nikamhurumia kwa ujinga wake.

Tulipanda saa mbili na nusu hivi kuelekea Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Njia yote tunapishana na akina mama wanaoshuka sokoni, vichwani mikungu ya ndizi na matenga ya mboga, wanatusalimia bila hata kuhema. Kocha kabeba spika yake ya mchakamchaka, nayo imeunganishwa na simu yangu, kwa sababu uwaziri wa muziki nao nilikuwa nimejiongezea.

Nikatangaza mapumziko. Nikafungua vitafunio kwanza. Sasa, chokoleti huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu, na mimi baa zote nilizipanga kwenye mfuko uliolalia mgongo wangu. Mhasibu alichana karatasi, akakuta uji. Akaulamba pole pole, kwa uso wa mtu anayekagua hesabu za marehemu. Dereva akageuza kipakiti cha jeli mara tatu, akauliza, "Hii napaka magotini au?"

"Kunyweni kwanza," nikasema.

Kocha akapiga funda moja kubwa. Mashavu yakajaa, macho yakajaa, akabaki hivyo hivyo kama mtu aliyeitwa jina lake mahakamani. Akameza. Ilionekana ikishuka.

"Ina chumvi," akasema.

"Ndiyo maana yake. Jasho ni nini? Chumvi."

"Ina chumvi *sana*," akasema Mhasibu, ambaye lake alikuwa amelitema kwenye jani.

Hapo ndipo dada wa mapokezi, binti mpole asiyependa ugomvi, alipoinua chupa yake iliyokuwa imebaki nusu. "Mbona yangu tamu, kaka? Nzuri tu. Labda ungeongeza ndimu."

Laiti angenyamaza, pengine ningeonja yangu na mambo yakaishia pale. Lakini binti kanipa ushahidi. Nikasimama juu ya jiwe, mikono kiunoni, nikawaeleza kwamba ulimi wa mtu mwenye mazoezi huipokea chumvi kama utamu, na kwamba wanaoisikia kali ni wale ambao miili yao bado haijazoea. Nadharia hiyo sijui niliitoa wapi. Ilikuja yenyewe, imekamilika, kama wimbo.

Kocha ni mtu wa heshima zake. Kuambiwa mwili wake haujazoea, mbele ya binti wa mapokezi! Akaziba pua, akanywa theluthi ya chupa.

Wakanigeukia. "Na wewe kunywa."

Nikafungua yangu, nikapiga funda la uwaziri. Ndugu yangu, mimi ni mtoto wa pwani. Nimewahi kupigwa wimbi la uso Kigamboni nikiwa nacheka, mdomo wazi. Ladha ile naijua kwa jina. Lakini macho yote yananitazama na nadharia nimeshaitoa. Nikameza. Nikasema, "Safi." Nikameza la pili ili kuthibitisha la kwanza.

Kocha alisimama ghafla, akaomba apewe njia, akaingia kwenye migomba. Tulimsikia. Dereva, ambaye alikuwa hajanywa zaidi ya funda moja, alimfuata kwa kusikia tu. Mimi tumbo likaniuliza swali, nikalijibu hapana, likauliza tena.

Na ndipo muziki ulipokatika kwenye spika, na badala yake ikalia simu, na kabla sijaifikia ikajipokea.

"Baba Zai! Umeyafanya nini makopo yangu?"

Spika ile ni nzuri sana. Spika ya uwanja wa wazi hainunuliwi mbaya.

"Makopo gani, mama?"

"Chumvi iko kwenye sukari, sukari iko kwenye chumvi! Nimempikia mama chai ya chumvi! Na yeye kanywa kikombe kizima, anasema asante mwanangu! Kizima, Baba Zai!"

Hata ndege walinyamaza. Akina mama wawili waliokuwa wakishuka na mikungu walisimama kusikiliza vizuri.

Nikazima. Mhasibu alikuwa tayari amekaa chini, anahesabu kwa vidole. "Kijiko cha chai cha chumvi, tuseme gramu tano au sita. Mara sita. Gramu thelathini na kitu kwa lita." Akanitazama. "Maji ya bahari yana ngapi? Wewe si ulisoma?"

Nilikuwa nimesoma. "Thelathini na tano," nikasema.

Mwongozaji alikuwa anamenya muwa wake kwa meno. Akatema donge la makapi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Basi braza umefanya jambo. Miaka yote tunaambiwa mji wetu una kasoro ya bahari. Umetuletea."

Nilikwenda kwenye migomba nami.

Mtu akinywa maji ya bahari, kiu haipungui. Inaongezeka, maana figo hutaka maji mengine zaidi ili kuitoa ile chumvi. Hilo nililisoma, na sasa nililielewa kwa ulimi uliokauka kama kiatu. Chupa ndogo ya mwongozaji iliisha kwa zamu, funda funda, kama tupo jangwani. Dereva hakusema neno lolote kuhusu ile aliyoiacha chini ya kiti. Alinitazama tu, kila baada ya hatua kumi.

Tukashushwa mpaka kwa bibi mmoja aliyekaa kando ya njia na kikapu chake: ndizi mbivu, magimbi ya kuchemsha, na dumu limefunikwa kwa jani la mgomba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnaumwa?"

Mwongozaji akamweleza kwa Kiluguru, na kwa jinsi alivyotumia mikono nilijua hakuna alichoacha. Bibi akaomba aonje. Akamimina kidogo kiganjani, akaramba, akatema upande wa pili. Kisha akachungulia ndani ya begi langu, kwa makini kabisa, akauliza:

"Na samaki wenyewe wako wapi?"

Kocha, aliyekuwa amelala chali, alicheka mpaka nikaogopa atarudi migombani.

Kwenye dumu kulikuwa na togwa. Tukapewa maji kwanza, kisha kikombe kimoja kimoja cha togwa, na gimbi. Jamani! Uji wa mahindi uliotiwa kimea cha ulezi, ukaachwa ukae. Kimea ndicho kinachoukata ule wanga kuwa sukari, uji unalegea, unakuwa mtamu bila kijiko hata kimoja cha kopo lolote, na uchachu kidogo kwa nyuma. Ulishuka kama msamaha. Kikombe cha pili nikaanza kusema, "Unajua, kimsingi hii ina wanga, ina maji, ukiongeza na chumvi ya gimbi unapata elektro..."

"Ukilimaliza hilo neno," akasema Kocha bila kufungua macho, "nakuacha hapa kwa bibi umsaidie kulima."

Bondwa hatukufika. Alifika dada wa mapokezi na mwongozaji. Alitutumia picha akiwa chini ya minara, hana hata jasho, chupa tupu mkononi, na maneno: *Kaka, imebaki nyingine?* Zilibaki lita nne na ushei. Kuzimwaga pale bibi alikataa, akasema pana migomba yake. Nikazibeba mpaka chini, nikazirudisha Dar kwa treni ya jioni, kwao.

Nyumbani nilifika saa tatu usiku. Mke wangu akanifungulia mlango, akapita. Mama mkwe alikuwa sebuleni, amejifunga kanga yake vizuri, anatazama taarifa ya habari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole na safari. Huko milimani baridi?" Akamgeukia mwanawe. "Mpeni mkwe wangu chai yake, si tulimwekea kwenye chupa?"

Mke wangu alikuja na chupa ya chai na kikombe kimoja. Kikombe kikubwa, kile cha wageni. Akamimina mpaka juu, akaketi, akaweka mikono mapajani. Chai ilikuwa ya asubuhi, niliitambua kwa rangi.

Mama mkwe ananitazama kwa upole. Mbele ya mama mkwe mtu hatemi, hakunji uso, wala haendi migombani. Nikanywa kikombe kizima.

"Nzuri, mama. Asante."

"Mwongezeni," akasema mama.