Maduka makubwa ya katikati ya Tanga hayakuuawa na machinga

Mjadala huu Tanga hauishi. Kaa barazani upande wa bahari wa reli, kwenye mitaa ya maghorofa ya zamani, uulize kwa nini maduka makubwa ya mjini yalikufa. Utapata hukumu mbili. Wazee watakwambia yaliuawa na Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la 1967. Wenye maduka wa leo watakwambia machinga ndiye anayemalizia kilichobaki. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande unairuka miaka inayoiharibu hoja yake.

Duka ninalolizungumzia si supamaketi. Ni ule ukumbi mmoja wenye dari la juu: majora ya vitambaa upande huu, sufuria na sahani za bati upande ule, baiskeli nyuma, saa na redio ndani ya kabati la kioo, karani kaunta, stoo uani, na fundi cherehani nje barazani akimsubiri aliyenunua yadi tatu atoke. Leo kumbi za namna hiyo zimekatwa kwa mbao na jipsamu zikawa fremu nne, sita, hata kumi: simu, vipodozi, wakala wa kutuma fedha, viatu vya mtumba, mpiga picha za pasipoti.

Hoja ya wazee ina uzito, na anayeipuuza hajasoma tarehe. Februari 1967 benki zilitaifishwa, na kampuni kubwa za kuagiza bidhaa kutoka nje, zikiwamo Smith Mackenzie na Dalgety, zikaingizwa katika shirika moja la serikali, STC. Mwaka 1973 STC ikavunjwa na kila mkoa ukapewa kampuni yake ya biashara, RTC. Katikati ya hayo, Aprili 1971, ikapita sheria ya kutwaa majumba: nyumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 ikawa mali ya umma, na kama ilikuwa imeshapita miaka kumi tangu kujengwa, mwenyewe hakulipwa fidia. Kwa mji kama Tanga, ambao nyumba zake nyingi za katikati zilikuwa kongwe, sheria hiyo iliuma. Mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka chini, familia ghorofani na wapangaji pembeni, alijikuta mpangaji wa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyokabidhiwa nyumba hizo, ndani ya jengo alilojenga babu yake. Wengi wakahamia Uingereza na Kanada. Waliondoka na mtaji, lakini pia waliondoka na kitu ambacho serikali isingeweza kukitaifisha: majina yao kwa wauzaji wa jumla waliokuwa wakiwapa mali kauli, wauze kwanza walipe baadaye. Kisha mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakabanwa ili yapishe ya ushirika. Bidhaa zikaadimika haraka mno hata serikali yenyewe ikalegeza kamba.

Kwa hiyo Azimio lina kesi ya kujibu. Ila wazee hawaanzi hesabu mahali pake.

Duka kubwa la Tanga lilikuwa linakula mshahara wa mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha mkonge tani kama 230,000, ikiongoza duniani, na moyo wa zao hilo ulikuwa mkoa huu. Sensa ya 1967 iliukuta mji una watu wapatao 61,000, wa pili Tanzania Bara baada ya Dar es Salaam. Mameneja wa mashamba, makarani wa reli na bandari, waashi, madereva, hadi manamba, vibarua wa mashambani, waliobakiza chochote baada ya makato, wote fedha zao zilipita kaunta hizo mwisho wa mwezi. Kamba za plastiki ziliposhika soko la dunia, bei ya mkonge ilianguka, na ilianza kuanguka kabla Azimio halijaandikwa. Mwaka 1963 reli ya Tanga ilikuwa imeshaunganishwa na Reli ya Kati kupitia Mnyusi na Ruvu. Kwa nchi ilikuwa neema. Kwa Tanga ilimaanisha kwamba mzigo wa kaskazini ungeweza sasa kufika Dar es Salaam kwa reli bila kuigusa bandari yetu.

Hapa lazima niikate hoja yangu mwenyewe kidogo, maana serikali ile ile iliyotaifisha ndiyo iliyoiletea Tanga viwanda vya miaka ya sabini: mbolea mwaka 1972, pia chuma, saruji, sabuni. Mshahara ulirudi mjini. Kilichotokea ni kioja: wanunuzi walikuwapo, fedha walikuwa nazo, na duka la umma halikuwa na cha kuwauzia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya vita vya Kagera na mafuta kupanda bei, kaunta ilibaki na karani, daftari na foleni. Sukari, sabuni, kanga na dawa ya meno vilitoka kwa kibali. Bei rasmi ilikuwa imebandikwa ukutani na bidhaa yenyewe ilikuwa kwa mlanguzi. Na Tanga ilikuwa na mlango wa nyuma ambao Dodoma hawakuwa nao: pwani ndefu ya bandari bubu hadi mpaka wa Kenya, na majahazi yanayojua njia usiku. Nani angesubiri foleni ya RTC wakati sabuni ya Mombasa ilikuwa chini ya kitanda cha jirani?

Msako wa walanguzi wa 1983 haukuijaza rafu hata moja. Kilichozijaza ni ruhusa ya bajeti ya 1984, iliyowaachia watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa walizipata wapi. Baada ya hapo ukaja uongozi wa Mzee Mwinyi, Mzee Rukhsa, na mitumba ikamiminika. Fundi cherehani wa barazani aliumia kabla ya mwenye duka, maana gauni lililoshonwa tayari lilikuwa rahisi kuliko yadi tatu na ujira wake.

Bidhaa zilirudi, lakini ukumbi haukurudi. Sababu yake haitajwi sana vibarazani. Bidhaa zilirejea mikononi mwa watu wengi wenye mitaji midogo: huyu marobota mawili, yule katoni tano, mwingine kashirikiana na wenzake kwenye kontena. Mtu wa namna hiyo hahitaji ukumbi. Anahitaji mlango mmoja na kufuli.

Sasa twende kwa machinga. Mwenye duka analipa kodi ya pango, leseni na ushuru wa huduma, na tangu 2010 ameletewa mashine ya EFD anayotakiwa kuitolea risiti kwa kila mauzo. Mbele ya mlango wake, juu ya baraza hilo hilo, amekaa kijana mwenye bidhaa ile ile kwa bei ya chini. Desemba 2018 kijana huyo alianza kupewa kitambulisho cha mjasiriamali kwa shilingi 20,000. Ukimwambia mwenye duka kwamba hilo ni ushindani wa haki, atakucheka, na atakuwa na haki ya kukucheka.

Lakini kulalamika kwa haki si sawa na kumpata muuaji. Machinga alifika wakati kaunta imekwisha kuwa tupu. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya anachokiuza amekichukua dukani kwa mali kauli; wenye maduka wengi wanamlaani asubuhi na kumkabidhi mzigo mchana. Na tuliona kilichotokea mwishoni mwa 2021, wachuuzi walipoondolewa barabarani katika miji ya nchi hii. Vibaraza vilipumua kwa muda. Hakuna ukumbi uliobomolewa vizuizi vya fremu ukarudi kuwa duka kubwa.

Anayeona bado kosa ni la Nyerere au la wachuuzi, atazame kwingine. Debenhams ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1778, ilifunga maduka yake ya mwisho Mei 2021. Hudson's Bay ya Kanada, ya tangu 1670, ilifunga yake Juni 2025. Marshall Field's, fahari ya Chicago, ilipoteza hata jina mwaka 2006 ikaitwa Macy's. Huko hapakuwa na Azimio wala vibali vya sukari. Duka linalotaka kuuza kila kitu katikati ya mji linaugua popote ambapo wanunuzi wamehama na njia za kununua zimeongezeka. Tanga iliugua mapema na kwa sababu zake, basi.

Mimi kwa sehemu kubwa niko upande wa fremu, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua ukumbi wa kubuni unaotoa fremu kumi, kila moja laki mbili kwa mwezi. Mwenye jengo anapata milioni mbili, mara nyingi zikiwa zimelipwa miezi sita mbele, na kilemba, yaani malipo ya kuachiwa nafasi, juu yake pale wapangaji wanapogombea mlango. Mfanyabiashara mmoja anayeutaka ukumbi mzima lazima azifikishe milioni mbili hizo peke yake, kisha ajaze rafu, aweke mlinzi, awalipe makarani na michango yao ya hifadhi ya jamii. Bidhaa zisizotembea ni hasara yake yote. Kwenye fremu hasara hiyo imegawanywa kwa watu kumi.

Kuna jambo jingine ambalo nostalgia hulifunika. Nani alikuwa mwenyewe? Enzi za kampuni za kigeni, mkazi wa Ngamiani alivuka reli kwenda kununua, akipata nafasi kufagia, akipata zaidi kubeba mizigo. Leo mwanamke wa Makorora anauza madera na vijora katika mlango wake mwenyewe, anaweka picha WhatsApp, analipwa kwa simu, bodaboda anapeleka mzigo Sahare. Kumwambia kwamba zamani mji ulikuwa na hadhi zaidi ni kumwambia alikuwa bora akiwa mteja tu.

Hata hivyo kuna kilichopotea, na sitaki kukipita haraka kama wanavyopenda kufanya watetezi wa soko huria. Kwanza ni kina cha stoo. Fremu kumi zilizopangana zinaweza zote kuuza kava za simu zile zile, kwa sababu wenyewe wote wamenunua Kariakoo, soko kuu la Dar es Salaam, pengine kwenye ujia mmoja. Ukitaka kitu ambacho hakiuziki kila siku, kipuri cha cherehani au taa ya saizi isiyo ya kawaida, utaambiwa "agiza Dar". Hizo ni kilomita kama 350. Nauli, faida na muda, vyote vinakwenda kuujenga mji mwingine. Duka kubwa lilimudu kuweka kitu kinachouzwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu kanga na sabuni zilikilipia kodi.

Pili ni mahali pa kurudi. Redio ikifa wiki ya pili, ulimrudia karani yule yule. Fremu mkataba wake ni wa miezi sita; unarudi na risiti yako, kama ulipewa, unakuta saluni. Tatu ni ajira. Karani wa duka kubwa alikuwa na mkataba, alifundwa kazi, alizeeka nayo. Binti wa fremu anapewa posho ya siku na anaondoka siku bosi akibadilisha biashara. Katika hili wazee wana haki kuliko vijana, na sioni sababu ya kuwanyima.

Swali ni kama dawa yao inatibu. Wanataka mji uvutie mnyororo mkubwa wa supamaketi uje ukae katikati. Wamesahau Dar es Salaam yenyewe: Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga ikaondoka 2015, Nakumatt ikaporomoka muda mfupi baadaye. Tanga ya sensa ya 2022 ina watu zaidi ya 390,000, mara sita ya ile ya 1967, lakini wameenea Pongwe, Duga, Mikanjuni, Kange. Stendi ya mabasi ya mikoani iko Kange. Abiria wa Lushoto mwenye saa mbili za kungoja basi hafiki tena mjini kununua chochote.

Wengine wanaitazama bandari, iliyojengewa gati za mita 450, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaloishia Chongoleani. Ni miradi mikubwa. Ila mkonge uliwalipa watu wengi kidogo kidogo kila mwezi, na bomba likishajengwa linahitaji watu wachache. Kontena likishushwa linapanda lori na kuondoka. Kaunta hailishwi na mzigo unaopita.

Ningependa mjadala uhame kutoka kwa machinga uende kwa mkataba wa pango. Majumba ya Msajili yalirithiwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, kwa hiyo katika majengo hayo mwenye nyumba ni umma. Mwenye jengo binafsi hawezi kulaumiwa akichukua kodi ya miezi sita na kumkatia kila anayekuja. Mwenye nyumba wa umma anaweza kujaribu kingine: ukumbi mmoja usiokatwa, wapangaji wenye fremu waungane kuuchukua kwa mkataba wa miaka mitano, stoo moja ya pamoja uani, kaunta moja ya kurudishia bidhaa mbovu. Shirika litapata kodi ndogo mwanzoni, na huenda wapangaji wakagombana kabla ya mwaka kuisha. Watanga hatujasahau ushirika ulivyoendeshwa. Lakini gharama yake ni kodi ya jengo moja. Ningeanzia hapo kabla ya kumgusa mchuuzi yeyote wa barazani.